Uzi: Kustaafu kuna maana gani kwako? Tujadili yaliyo chini ya kikokotoo

Afisa Mstaafu (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote, na kwa walionitangulia kuzaliwa nasema shikamooni.

Tangu Desemba 2018 mazungumzo ya kustaafu hapa Tanzania yamekuwa mazungumzo ya kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu. Kanuni zilizotoka mwaka ule, baada ya mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuunganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, zilishusha mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja, wa mtumishi aliyekuwa PSPF au LAPF kutoka asilimia 50 hadi asilimia 25, na manung'uniko yakawa makubwa kiasi kwamba Rais Magufuli alizisitisha kabla mwaka haujaisha, alipokutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote. Katika bajeti ya 2024/25 waliokuwa kundi la asilimia 50 wakapandishiwa hadi asilimia 40, na waliokuwa kundi la asilimia 25 tangu awali, katika mifuko mingine, wakapewa asilimia 35. Hayo tumeyasikia mara nyingi. Ninachotaka tukitazame ni sababu inayofanya asilimia hiyo imuume mtumishi kuliko jambo lolote lingine katika ajira yake.

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa afisa utumishi katika halmashauri za wilaya, na nilikuwa nikiandaa majalada ya watumishi waliokaribia miaka 60, ambao ndio umri wa kustaafu kwa lazima, wa hiari ukiwa 55, huku maprofesa na madaktari bingwa wakiruhusiwa kufika 65. Katika jalada la mstaafu hukutana barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya kupandishwa cheo mara ya mwisho, hati ya mshahara na kibali cha kustaafu. Anayezipanga barua hizo hawezi kukwepa kuona jinsi mtu alivyohamishwa kutoka shule hii hadi ile, au zahanati hii hadi nyingine, akilala katika nyumba za serikali au za kupanga, mpaka siku mwajiri anapomlipia nauli na gharama za mizigo arudi kwao. Wengi niliowahudumia walikuwa wanarudishwa mahali walipoondoka wakiwa vijana, ambako wazazi wameshafariki, mipaka ya shamba imesogezwa, na watoto waliozaliwa vituoni hawaijui lugha ya nyumbani.

Kutokana na majalada hayo nimefikia maoni ambayo nayaleta hapa ili yapimwe. Mfuko unaitazama pensheni kama bima ya kuishi muda mrefu, na kwa hiyo unajali zaidi kwamba mzee wa miaka 85 asikose chakula. Mtumishi anaitazama kama ujira wake mwenyewe uliocheleweshwa, na anajua kwamba mkupuo ndiyo mara ya kwanza, na pengine ya mwisho, atakaposhika fedha zinazotosha kununua kiwanja na kuezeka nyumba. Kwa mshahara wa mwalimu au mganga msaidizi, mwenye watoto wa kusomesha na wazazi wa kutunza, nyumba haijengwi katika umri wa miaka 35, na mkopo wa nyumba wa muda mrefu wa benki ni kitu ambacho wengi wao hawajawahi hata kuulizia. Nyumba imesogezwa hadi siku ya mwisho ya kazi. Ukipunguza mkupuo, mstaafu anasikia kwamba umemnyima paa, hata kama umemwongezea fedha ya kila mwezi.

Chukueni mfano wa mtumishi aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30, ambaye wastani wa mishahara yake katika miaka mitatu bora ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF angepata mkupuo wa shilingi 62,000,000 na pensheni ya takribani shilingi 333,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya sasa yenye asilimia 40, mkupuo wake ni takribani shilingi 37,240,000 na pensheni yake takribani shilingi 372,000. Ameongezewa kama shilingi 39,000 kwa mwezi na amepungukiwa zaidi ya shilingi milioni 24 siku ya kuondoka.

Nawaomba wenye uzoefu tofauti na wangu waeleze kwa utulivu kustaafu kunamaanisha nini kwao. Sizungumzi na watumishi wa serikali peke yao.

Mkunga wa Pangani

Kaka yangu Afisa, nakushukuru kwa kuanzisha mjadala huu kwa lugha ya heshima. Mimi ni muuguzi mkunga niliyestaafu kutoka kituo cha afya, na ninakubaliana nawe kuhusu nyumba, lakini kuhusu mkupuo nina jambo ambalo wanaume huwa hawalisemi.

Kwangu mimi kustaafu kulianza kuwa na maana ya usingizi. Mtu ambaye hajafanya zamu za usiku kwa miongo kadhaa hawezi kuelewa furaha ya kusikia adhana ya alfajiri ukiwa kitandani kwako, na si wodini ukimalizia kuandika ripoti ya kukabidhi zamu. Furaha hiyo haikudumu sana. Mume wangu alipostaafu, ndugu walikuja kumpongeza na kumshauri apumzike. Nilipostaafu mimi, binti yangu anayefanya kazi Dar es Salaam aliniletea mjukuu ndani ya wiki ileile, na baada ya muda kaka yake naye akaleta wa kwake. Nawapenda wajukuu zangu na sijutii kuwalea, ila nataka ieleweke kwamba mwanamke anapostaafu, familia inahesabu kwamba sasa yupo, na haimuulizi kama amechoka. Juu ya hapo wapo majirani wanaobisha hodi usiku mimba ikianza kuuma, nami huwaambia waende kituoni, lakini huwa ninawasindikiza.

Sasa nirudi kwenye mkupuo. Siku fedha zangu zilipoingia, watu walikwisha kuzifanyia kikao kabla sijaziona. Shemeji alikuwa na wazo la basi dogo, mtoto wa kaka alikuwa na ada ya chuo, mume wangu alikuwa na shamba la minazi alilotaka kulipanua, na kila mmoja alikuwa na hoja nzuri. Nimewaona wauguzi wenzangu wengi ambao mkupuo wao uliisha kabla ya mwaka kwa namna hiyo, bila mtu yeyote kuwaibia. Pensheni ya kila mwezi haiitishiwi kikao. Inaingia kwa jina langu, ni ndogo kiasi kwamba hakuna anayeipangia mradi, na kwa sababu hiyo imebaki kuwa yangu. Kwa hiyo, kaka, wakati wewe unaona asilimia 40 ni kidogo, mimi nawafahamu wanawake ambao pensheni nono ya kila mwezi ndiyo ingewalinda zaidi. Niongeze pia kwamba bima ya afya ya NHIF inayoendelea kwangu na kwa mume wangu baada ya ajira ina thamani kubwa kuliko tunavyoikiri, hasa kwetu sisi wenye shinikizo la damu.

Hesabu za Kesho

Mimi ni mhasibu na sifanyi kazi katika mfuko wowote wa hifadhi ya jamii. Ninaomba kurekebisha jambo moja katika hoja ya Mzee Afisa, kwa heshima zote.

Mfano wako uko sahihi kihesabu, lakini umeacha wasomaji waamini kwamba hasara yote inatokana na asilimia. Kanuni ya zamani ilikuwa na vipengele vitatu: kila mwezi wa utumishi ulihesabiwa kwa 1/540 ya mshahara wa mwaka, matokeo yakazidishwa kwa 15.5, na nusu ya jumla hiyo ndiyo iliyolipwa kwa mkupuo. Kanuni ya sasa inatumia 1/580 na 12.5. Ukimchukua mtumishi wako yuleyule, ukatumia 1/580 na 12.5 lakini ukamwachia asilimia 50 yake, atapata takribani shilingi 46,550,000. Maana yake ni kwamba zaidi ya milioni 15 zilipotea kwa sababu ya vipengele viwili ambavyo hakuna aliyeviimba kwenye mabango, na milioni 9 na kitu tu ndizo zilizopotea kwa sababu ya asilimia 50 kuwa 40. Vyama vya wafanyakazi vilielekeza nguvu kwenye namba inayoonekana kwa urahisi.

Kwa nini vipengele hivyo vilibadilishwa? Kabla ya Julai 1999 mtumishi wa serikali kuu alilipwa pensheni kutoka Hazina bila kuchangia chochote. Mfumo wa kuchangia ulipoanza mwaka huo, miaka ya utumishi ya kabla yake iliendelea kuhesabiwa katika mafao ingawa hakuna mchango uliowekwa kwa ajili yake, na PSPF ikawa inalipa kwa fedha za wachangiaji wapya. Deni hilo la serikali lilifika matrilioni ya shilingi, na ilikuwa Desemba 2021 ambapo serikali ilitoa hatifungani maalumu ya takribani shilingi trilioni 2.17 kwa PSSSF ili kulipa sehemu yake. Mfuko uliobeba mzigo wa namna hiyo usingeweza kuendelea kulipa kwa 15.5, na kama ungeendelea, mwalimu aliyeajiriwa mwaka 2015 ndiye angekuta hazina tupu. Mtumishi wa umma anachangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 15. Hizo ni fedha za watu ambao bado wako kazini, nao pia wana nyumba za kujenga.

Afisa Mstaafu

Ndugu Mhasibu, umenisaidia, na hesabu yako naipokea kama ilivyo. Hata hivyo, haijagusa swali langu. Sikusema mfuko ulipe usichokuwa nacho. Nilisema nchi imeuachia mkupuo kazi ya kujenga nyumba, kazi ambayo haukuundwa kuifanya, na kila tunapobishana kuhusu asilimia tunakwepa kuuliza kwa nini mtu aliyelipwa mshahara kila mwezi kwa miaka 30 anafika mwisho bila nyumba. Dada Mkunga naye ameonyesha upande ambao majalada yangu hayakuwa na ukurasa wake, kwa sababu kikao cha familia hakiandikiwi muhtasari na kupelekwa masijala.

Kisauni

Hamjambo ndugu zangu wa upande wa pili wa mpaka. Huku Kenya umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009, na watu wenye ulemavu wanaruhusiwa kufika 65. Naandika kwa sababu ya hoja ya nyumba. Tangu mwaka 2020 kanuni zetu za mafao ya uzeeni zinamruhusu mwanachama wa skimu ya pensheni kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isiyozidi shilingi milioni 7 za Kenya, kununua nyumba ya kuishi kabla hajastaafu. Wapo wanaoogopa kwamba mtu atafika uzeeni na nyumba nzuri na pensheni duni, na hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, ninaona ni heri mtu alipe kwa akiba yake akiwa na miaka 40, wakati bado anaweza kusimamia fundi na kuhesabu mifuko ya saruji, kuliko kumkabidhi fedha zote akiwa na miaka 60, wakati magoti yanauma na kila fundi anajua amepata kiinua mgongo.

Kwa asiye na skimu yoyote, huku upo mpango wa serikali wa Inua Jamii, ambapo mzee wa miaka 70 na kuendelea hupata shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Mtu hawezi kuishi kwa kiasi hicho mjini Mombasa.

Dereva wa Masafa

Naomba niseme machache. Nimeendesha malori kati ya Dar es Salaam, Lusaka na Lubumbashi kwa muda mrefu, na nimebadilisha waajiri wengi kama ilivyo kawaida ya kazi yetu. Wengine walipeleka michango yangu kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF, na wengine walinikata kwenye mshahara na hawakuipeleka. Ili kupata pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe na michango ya miezi 180, na asiyefikisha hulipwa mkupuo tu na habari yake inaishia hapo. Mnapozungumzia asilimia 33 au 40, sisi tunasikiliza kama wageni. Dereva hustaafishwa na macho yake, siku atakaposhindwa kupima umbali wa gari linalokuja usiku, na siku hiyo haina barua wala kibali.

Mtoto wa Kihamba

Wazee wangu, shikamooni. Ningependa kuuchukua mjadala huu hadi Rombo, mkoani Kilimanjaro, kwa baba yangu ambaye hakuwahi kuajiriwa hata siku moja, na ambaye nadhani amestaafu vizuri kuliko watumishi wengi ninaowafahamu.

Baba ni mkulima wa kahawa na migomba. Kwa desturi yetu Wachaga, watoto wa kiume wakubwa hutafutiwa vihamba vyao, yaani mashamba ya ukoo yenye makazi, na kihamba cha nyumbani, pamoja na nyumba ya wazazi, hubaki kwa mtoto wa mwisho, ambaye ndiye atakayekaa na wazazi katika uzee wao. Desturi hiyo ina maana kwamba uzee wa baba ulikwisha kupangwa tangu mdogo wetu alipozaliwa. Hakukuwa na siku ya kuagana. Kwanza aliacha kupanda ngazi kukata matawi ya mti wa mruka, halafu akaacha kubeba majani ya ng'ombe kutoka bondeni, baadaye akaacha kwenda mwenyewe kupima kahawa kwenye chama cha ushirika, na kila alichokiacha kilikuwa na mtu wa kukipokea. Hadi leo hakuna mgomba unaokatwa kabla hajaonyesha ni upi, na mdogo wangu, ambaye ana watoto wakubwa, humuuliza kila mara ingawa anajua jibu. Sidhani kama anamuuliza kwa ajili ya migomba.

Sitaki kuyapamba maisha hayo. Vihamba vimegawanywa kizazi hadi kizazi mpaka vingine haviwezi kumlisha mtu, na ndiyo maana sisi wengine tuko mijini. Bei ya kahawa hupanda na kushuka kwa sababu ambazo mkulima hana uwezo nazo, na hakuna mfuko unaomlipa msimu ukiharibika. Dada zetu hawakuhesabiwa katika ugawaji ule, na mama angekuwa katika hali ngumu sana kama mdogo wangu angekuwa mtu wa tabia nyingine. Mpango mzima unamtegemea mtoto mmoja na mke wake. Mwaka ule shemeji alipougua, tuliona sote jinsi uzee wa wazazi wetu ulivyokuwa umeegemea mikono yake yeye kuliko ya mtoto wa kiume aliyerithi.

Lakini nikiwalinganisha baba na mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa ofisa mkubwa mjini na kurudi kijijini na gari na mkupuo wa kutosha, naona tofauti ambayo fedha haiielezi. Yule ofisa alirudi akiwa mgeni. Alijenga nyumba nzuri kuliko zote, akakaa barazani, na watu walimwendea kwa ajili ya michango tu, kwa sababu hawakuwa na jambo jingine la kumwendea. Alikuwa amezoea kuamuliwa ratiba na rundo la barua, na kijiji hakikuwa na barua za kumletea. Ilimchukua miaka kadhaa, mpaka alipochaguliwa kuongoza kamati ya mfereji wa maji, ndipo nilipomwona anatembea haraka tena. Kwa hiyo ningemwomba Mzee Afisa aongeze katika hoja yake kwamba, zaidi ya nyumba, kipo kitu kingine ambacho mtumishi hukiahirisha kwa miaka 30, nacho ni kuwa na mahali ambapo watu wanamhitaji bila cheo chake.

Makunduchi

Assalaam alaykum. Mimi naandika kutoka kusini Unguja kwa niaba ya mama yangu, ambaye amelima mwani tangu kilimo hicho kilipoenea katika pwani yetu mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kazi ya mwani hufuata maji ya bamvua, na mkulima hukaa ameinama kwenye maji saa nyingi akifunga mbegu kwenye kamba. Bahari ilipozidi joto mwani ukawa unakufa karibu na ufukwe, wanawake wakalazimika kwenda kwenye maji ya kina zaidi, na wengi wao hawajui kuogelea. Mama aliacha kwa sababu mgongo ulikataa.

Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inatoa Pensheni Jamii kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa. Watu wa nje huona ni fedha kidogo, na kweli ni kidogo. Lakini mama, ambaye katika maisha yake yote alikuwa akiomba fedha ya sabuni na nauli kwa baba, kisha kwa kaka zangu, sasa anamtuma mjukuu dukani kwa fedha yake, na mwezi wa Ramadhani yeye ndiye hutoa tende za futari ya kwanza. Namuunga mkono Bi Mkunga. Fedha ndogo yenye jina lako inakubadilishia nafasi yako ndani ya nyumba. Ninachoshangaa ni kwamba Tanzania Bara, yenye wakulima na wavuvi wengi kiasi hicho, bado inazungumzia kustaafu kana kwamba ni jambo la wenye hati za mshahara.

Chaki na Ubao

Shikamoo Mzee Afisa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 34, na nimeusoma uzi huu wote mara mbili. Naomba uniambie kwa vitendo, mtu wa umri wangu aanze na nini? Pia nafikiria kustaafu kwa hiari nikifika 55, kwa kuwa kazi imenichosha mapema. Je, ni busara?

Afisa Mstaafu

Marahaba, mwalimu. Nimefurahi kwamba umeuliza ukiwa na miaka 34, kwa kuwa walioniuliza mimi ofisini waliniuliza wakiwa na miaka 59 na miezi sita, wakiwa wameleta taarifa yao ya kustaafu.

Kwanza, zitafute barua zako leo. Nimeona watu wakihangaika baada ya kustaafu kwa sababu barua ya kuthibitishwa kazini ilipotea katika uhamisho, au kwa sababu tarehe ya kuzaliwa katika barua ya ajira haifanani na ile iliyo katika fomu nyingine. Makosa hayo ukiyagundua sasa, mwajiri wako yupo, mwalimu mkuu aliyekupokea yupo, na watu wanaokumbuka wapo. Ukiyagundua ukiwa mstaafu, unaanza kusafiri kwa fedha yako mwenyewe kutoka ofisi hadi ofisi. Angalia pia taarifa ya michango yako mwezi kwa mwezi, hasa miezi ya mwanzo wa ajira na miezi ya uhamisho, maana huko ndiko mapengo hupatikana. Ndugu yetu Dereva wa Masafa ametueleza gharama ya kuyagundua mapengo hayo umechelewa.

Kuhusu nyumba, nunua kiwanja kabla ya kununua kitu kingine chochote chenye thamani, na ukinunue mahali ambapo kweli utaishi. Nimeshuhudia walimu waliojenga kijijini kwao kwa sababu ya desturi, kisha wakazeekea mjini kwa watoto kwa sababu ya hospitali, na nyumba ikabaki na mlinzi. Zungumza na mwenzi wako jambo hili mapema. Yale aliyoyasema Mtoto wa Kihamba nayakubali, na katika kazi yako una bahati, kwa kuwa mwalimu anayefahamika mtaani kwa jina lake, na si kwa shule yake tu, hakosi watu wa kumwendea.

Kuhusu miaka 55, sitakuficha. Kila mwezi wa mchango una uzito wake katika hesabu. Yule mtumishi wa mfano wangu, akiondoka miaka mitano mapema akiwa na miezi 300, hata tukichukulia kwamba mshahara wake hautapanda tena, mkupuo wake utakuwa takribani shilingi 31,030,000 badala ya 37,240,000, na pensheni yake takribani shilingi 310,000 badala ya 372,000. Kwa kweli atapoteza zaidi, kwa sababu miaka mitano ya mwisho ndiyo yenye mishahara mikubwa, na wastani unachukuliwa kutoka miaka mitatu bora. Kama ni ugonjwa, au una kazi nyingine iliyokwisha kusimama, ondoka kwa amani. Kama ni uchovu wa shule uliyopo, omba uhamisho kwanza.

Na kwako wewe na wote mtakaokwenda kuangalia taarifa zenu baada ya kusoma hapa: msizibandike hapa, wala msimtumie namba ya uanachama au namba ya siri mtu yeyote atakayewapigia simu akisema anatoka kwenye mfuko wa pensheni au Hazina na anataka kuharakisha malipo. Wastaafu wengi wametapeliwa kwa simu za namna hiyo, tena na watu wanaotaja majina yao kamili na kituo chao cha mwisho cha kazi. Ukishahesabu miezi yako, mwalimu, niandikie idadi ya miezi peke yake, nami nitakuonyesha hapahapa jinsi ya kuikokotoa.